Ufundi wa kutoa maji ya mgongo

Gatwekera, kama kwingineko Kibera, jijini Nairobi, kuna onyo ambalo mgonjwa hulisikia kabla hajafika hospitali: kubali yote, lakini maji ya mgongo usikubali yatolewe, utapooza. Wanaolitoa wana huruma, wala si wajinga. Ndani ya uti wa mgongo mmepita kamba ya neva inayobeba amri za ubongo hadi miguuni, na ikikatika mtu hatembei tena. Anayeiogopa sindano ameshaelewa sehemu kubwa ya anatomia. Limebaki jambo moja tu, na ufundi wote umesimama juu yake: kamba hiyo haifiki mwisho wa mgongo.

Mimba ikiwa ya miezi mitatu, kamba hujaza mfereji mzima wa mifupa. Baadaye mifupa hurefuka haraka kuliko kamba, hata mtu mzima akabaki na kamba ya sentimita 45 hivi, inayokoma penye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kuna maji, na ndani yake neva za miguu na kibofu zimening'inia. Sindano nyembamba ikija taratibu, neva hizo husogea kando, kama nywele ndani ya ndoo ya maji.

Heinrich Quincke alianza kuitumia njia hii mwaka 1891 huko Ujerumani, na mpaka leo vidole ndivyo vinavyoongoza. Mtazame tabibu mzoefu: muda wake mwingi huishia kumpanga mgonjwa. Alale ubavu ukingoni mwa kitanda, magoti yapande tumboni, kidevu kiguse kifua. "Jikunje kidogo tena, mama. Hapo hapo, usitingishike." Mgongo ukipinda, pingili huachana. Kidole hutafuta ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Ukivuta mstari kutoka hapo hadi katikati ya mgongo, unakutana na pingili ya nne ya kiuno. Nafasi iliyo juu yake au chini yake ndiyo mlango. Kwa mtoto mchanga, ambaye kamba yake bado inashuka hadi karibu na pingili ya tatu, ya chini ndiyo salama zaidi.

Ngozi husafishwa, ganzi hudungwa, kisha sindano huingia ikielekezwa kitovuni. Kila tabaka lina ugumu wake: ngozi, mafuta, kano zinazofunga pingili, halafu utando mgumu unaozuia maji, ambao ukitobolewa huachia ghafla na mkono ukajua. Sindano ikigonga mfupa, fundi hashindani nao. Huivuta nyuma mpaka karibu na ngozi, akaielekeza upya.

Tone la kwanza hutazamwa kwa makini. Maji mazima hayana rangi. Yakiwa na ukungu, bakteria wanashukiwa. Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji haya, na mwili hutengeneza kama 500 kila siku. Kwa hiyo mililita 10 zinazopelekwa maabara hurudishwa na mwili kabla saa moja haijapita. Kwa hiyo mililita 10 zinazopelekwa maabara hurudishwa na mwili kabla saa moja haijapita.

Kuna pia ufundi wa kujizuia. Mgonjwa aliyelegea upande mmoja au anayepata degedege hupigwa kwanza picha ya kichwa, pakiwa na mashine. Akiwa na uvimbe ndani ya fuvu, maji yakipungua chini ubongo unaweza kusukumwa kuelekea kwenye tundu la fuvu, akafa.

Lakini kwa ugonjwa mmoja sindano hii si kipimo tu, ni dawa pia. Kriptokokasi ni fangasi anayewavamia watu waliodhoofishwa kinga na ukimwi, ugonjwa ambao Kibera inaujua vizuri. Fangasi huyo huziba njia ya maji kurudi kwenye damu. Presha ya maji ya mgongo, ambayo kwa kawaida haizidi sentimita 20 za maji, hupita 25. Kichwa huuma kupita kiasi na macho huweza kupofuka. Maji yakitolewa kwa kipimo, maumivu hupungua mara nyingi papo hapo. Presha ikipanda tena, sindano hurudiwa, pengine kila siku.

Ndiyo maana maelezo si adabu tu, ni sehemu ya kazi yenyewe. Tabibu hodari humwambia mgonjwa kwamba majirani hawakukosea kuhusu hiyo kamba, kisha humgusa mgongoni na kumwonyesha inapokomea na atakapodunga. Aliyeelezwa hivyo hukubali sindano ya pili na ya tatu, na kwa mgonjwa wa kriptokokasi hizo ndizo huweza kumwokoa.