Utomvu wa papai: gramu ngapi kwa nguruwe wa kilo 50?

Nguruwe anayenenepeshwa Masisi au Walikale, Kivu Kaskazini, kwa matembele na machicha ya kasiksi (pombe ya ndizi) hula pamoja na mgeni asiyealikwa: Ascaris suum, mnyoo mviringo wa utumboni. Jike lake hutaga mayai laki kadhaa kwa siku, nayo hudumu udongoni kwa miaka. Mabuu hupita kwenye ini na mapafu kabla ya kurudi tumboni. Ndiyo maana mnyama hukohoa na chakula hakionekani mwilini.

Papai husifiwa kuwa dawa ya mnyoo huyo, na sifa hiyo ina msingi. Mwaka 1994 watafiti Satrija, Nansen na wenzao walichapisha jaribio la nguruwe 16 wenye minyoo. Kundi moja halikupewa utomvu. Mengine matatu yalipewa gramu 2, 4 au 8 kwa kila kilo ya uzito. Minyoo ilipungua kwa asilimia 39.5, 80.1 na 100. Baadhi ya waliopata kipimo cha juu waliharisha kidogo siku iliyofuata. Kinachofanya kazi ni vimeng'enya, papaini ikiwemo, vinavyomeng'enya ngozi ya mnyoo angali hai.

Sasa tupige hesabu zetu. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka kati ya masikio hadi shina la mkia. Kifua mita 0.9 mara 0.9, mara urefu 0.9, mara 69.3: kama kilo 50. Kwa gramu 8, huyo anahitaji gramu 400 za utomvu! Konzi ya majani au mbegu ndani ya pumba si dawa ile iliyojaribiwa, na anayeiuza hivyo anamwonea mfugaji. Ukiutia utomvu kwenye sufuria inayotokota, vimeng'enya vinaharibika.

Kugema tunakujua. Beni, mkoani mwetu, iliuza papaini ng'ambo kwa miaka mingi: tunda bichi huchanjwa kwa wembe, maziwa yake yakakingwa. Walikale mpapai hustawi. Kwenye baridi ya milima ya Masisi hausitawi vizuri.

Kwa kuwa gramu 400 ni nyingi mno kukusanya, ningeanza mapema, mnyama akiwa na kilo 15. Kwa gramu 4 kwa kilo, anahitaji gramu 60, kiasi kinachokusanyika. Anza na mmoja, mwangalie siku mbili, na mavi ya siku hizo yaondolewe bandani yote.