Kikapu cha Handa, na saladi baada yake

Walimu wengi wa chekechea wanakipenda Handa's Surprise cha Eileen Browne (1994), halafu wanakimaliza nguvu mara tu wakifunga ukurasa wa mwisho. Watoto wanaambiwa: hesabuni matunda, pakeni nanasi rangi, haya tukate saladi. Saladi tamu, sikatai. Lakini hadithi imeenda wapi?

Utamu wote uko hapa: Handa haoni. Msichana huyu wa Kiluo anatembea na kikapu kichwani, anampelekea Akeyo matunda saba, anawaza rafiki yake atapenda lipi. Huku juu tumbili kashakwapua ndizi, mbuni kachukua pera, tembo embe. Maneno yako kimya kabisa kuhusu wizi huo. Picha ndizo zinazosema. Kwa hiyo mtoto asiyejua hata herufi moja anajua mambo kuliko Handa, na ndiyo maana anacheka.

Basi mchezo wa baadaye uilinde siri hiyo. Mwekee mtoto mmoja ungo kichwani, atembee akisifia matunda yake, wenzake wamwibie kimyakimya. Au muulize kasuku atasimulia nini akirudi kwao.

Na yule mbuzi je? Anakata kamba, anaparamia mti, machenza yanajaa kikapuni. Akeyo anafurahia tunda ambalo Handa hakulitia kikapuni kamwe. Hapo ndipo ningewapa watoto karatasi: nichoreeni uso wa Handa dakika hiyo. Nanasi libaki bila rangi.