Skrubu Iligeuzwa Dakika ya 100

Skrubu ile haikupaswa kuguswa. Naanza na hilo kwa sababu wengi mliokuwa ukumbini Jumamosi, kwenye onyesho la kukagua haigromita, vipimo vya unyevu vya makasha ya biri, mlipiga makofi mshale uliposimama juu ya 75, na tangu siku hiyo watu watatu wameshaniuliza kama nao wakazigeuze haigromita zao. Wasizigeuze.

Matayarisho yalikuwa mazuri: chumvi safi kwenye kizibo cha chupa, matone machache ya maji, chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, na ndani yake haigromita mbili, ya mshale na ya namba. Mwenyeji wetu hakukosea hapo: chumvi iliyoloa hutuliza hewa iliyofungwa karibu na asilimia 75, na hapo ndipo mshale ulipongojewa.

Sasa turudi kwenye dakika zenyewe. Nilikaa mstari wa pili, na kila alipotangaza namba niliiandika nyuma ya kadi ya mwaliko. Nusu saa baada ya kufunga, mshale ulikuwa 61. Saa nzima, 65. Dakika ya 90, 67. Dakika ya 100, 68. Zisomeni namba hizo kwa mfuatano wake, 61, 65, 67, 68, mniambie ni wapi mshale ulisimama. Haukusimama. Ulikuwa ungali unapanda, polepole zaidi kila mara, kama mtu anayekaribia kilele cha mlima, lakini unapanda. Na ni katika hali hiyo, kipimo kikiwa njiani, ndipo mfuniko ulipofunguliwa, haigromita ikatolewa, ikageuzwa kifudifudi kiganjani, bisibisi ndogo ikaingizwa nyuma, na mshale ukavutwa kutoka 68 hadi 75.

Kwa nini mshale ulichelewa? Fungueni haigromita ya aina ile mtaona. Ndani mna koili nyembamba ya metali, mfano wa kamani ya saa ya kizamani, na juu ya metali imebandikwa karatasi au utando unaonyonya unyevu. Karatasi ikinyonya hurefuka, koili hujikunja au kujikunjua, na mshale hufuata. Karatasi hainyonyi kwa amri. Hewa ndani ya chombo yenyewe inahitaji muda hadi itulie na chumvi, kisha karatasi nayo itulie na hewa. Muda wa saa nane ndio mwanzo wa kusema kitu. Mimi hungoja usiku kucha, na kwa kipimo kizee siku nzima. Dakika 100 zinatosha kujua kwamba mshale unafanya kazi. Hazitoshi kuuhukumu.

Kuna shahidi mwingine aliyepuuzwa. Ile haigromita ya namba, iliyokaa ubavuni mwa mwenzake ndani ya chombo kilekile, ilikwishafika 74 kabla ya dakika ya 90. Kihisi chake ni kidogo mno na hujibu upesi. Sisemi ilikuwa na haki ya kuwa hakimu, maana nayo inaweza kukosea asilimia mbili au tatu ikitoka dukani, na huhama kadiri miaka inavyopita. Lakini vipimo viwili vikiwa chumba kimoja, kimoja kinasema 74 na kingine 68 huku kinapanda, mtu mwenye subira hufunga mfuniko na kwenda kula chakula cha jioni. Nimeandika mara nyingi juu ya haya madude ya mshale yenye ukingo wa dhahabu yanayopachikwa kwenye mifuniko ya makasha ya biri, na nitaendelea kuandika: mapambo yamewapa heshima ambayo kazi yao haijawapa.

Kosa la kufungua lilizaa kosa la pili papo hapo. Kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kinakausha hewa. Kipimo changu cha mkononi kilisoma 56. Mfuniko ulipoinuliwa tu, chumvi ilipoteza mamlaka yake. Iliyokigusa kipimo wakati skrubu inazunguka ni hewa ya kiyoyozi, joto la kiganja, na pumzi ya mtu anayezungumza na hadhira. Katika joto la kawaida la chumba, tofauti ya digrii moja tu ya Selsiasi kati ya chumvi na kipimo hubadilisha kisomo kwa zaidi ya asilimia nne pale karibu na 75. Kiganja kina digrii ngapi?

Hesabu ya hasara ni nyepesi. Tuseme mshale ungeachwa ungetulia 74. Kosa lake lingekuwa asilimia moja, dogo kiasi kwamba hakuna biri ambayo ingelihisi. Baada ya kuvutwa hatua saba, kipimo kilichopungukiwa moja sasa kinazidisha sita. Mwenye kasha ataona 70 na kuridhika, kumbe ndani mna 64. Akiona 75 atashtuka na kuondoa maji kwenye sifongo, kumbe alikuwa 69, pale pale alipotaka. Akiendelea kuondoa maji, wiki chache baadaye jani la nje linapasuka kidole kikibonyeza, na lawama inamwangukia muuzaji wa biri.

Mimi nina ugomvi wa siku nyingi na wanaochanganya maneno mawili, na wanaonisoma wanaujua. Kukagua ni kitu kimoja, kurekebisha ni kingine. Afisa wa Wakala wa Vipimo akiingia dukani na mawe yake, hawahi kushika bisibisi. Huweka jiwe juu ya mzani, huangalia mzani unasema nini, huandika. Kisomo cha kwanza, jinsi kipimo kilivyokutwa, ndicho chenye thamani, kwa sababu ndicho kinachoeleza biri zako ziliishi katika unyevu gani miezi yote iliyopita. Ukigeuza kabla ya kuandika, historia hiyo imekufa. Na kipimo kinachojulikana kuwa kinapunguza mbili kinatumika vizuri miaka kumi kwa kikaratasi kilichobandikwa nyuma: ongeza mbili. Skrubu hizi zenyewe hulegea. Ukigeuza leo, mtikisiko wa gari kesho unairudisha nusu.

Wengine walisema Jumamosi kwamba bora ingetumika njia ya taulo: lowesha taulo, funga haigromita ndani, ngoja saa moja, weka mshale 95 au 100. Njia hiyo nimeipinga tangu nilipoanza safu hii. Hakuna anayehifadhi biri katika unyevu wa 100. Unakisahihisha kipimo mwisho kabisa wa ngazi, halafu unakiamini katikati, huku umekitosa kwenye matone ambayo karatasi itayabeba siku mbili. Chumvi inakupima mahali unapoishi. Juu ya chumvi ya mezani iliyoloa bila kuyeyuka yote, hewa iliyofungwa hutulia kwenye asilimia 75.5 kwa digrii 20, 75.3 kwa digrii 25, 75.1 kwa digrii 30. Hizo ni namba za jedwali la Greenspan wa taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, lililotoka mwaka 1977. Ndiyo maana jaribio moja linafaa Moshi kama linavyofaa Tanga. Sharti chembe zibaki zikionekana, mfano wa mchanga wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa sasa hivi. Zikiyeyuka zote, kisomo hupanda na hujui kimepanda hadi wapi.

Kwetu pwani kuna mtego mmoja zaidi. Hewa ya Dar es Salaam yenyewe, saa nyingi za siku, huzungukazunguka karibu na 75. Ukifanya jaribio barazani na chombo kinavuja, kuvuja hakutaonekana. Utadhani chumvi imesema, kumbe ni bahari. Ukumbi wa kiyoyozi ungefichua chombo kibovu, na kwa hilo namsifu mwenyeji wetu, ingawa nadhani alichagua ukumbi kwa ajili ya viti.

Ninapoona bisibisi ikikimbilia kipimo namkumbuka Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva. Mwaka 1783 alitoa kitabu kizima juu ya kupima unyevu, na kifaa chake kilikuwa unywele wa binadamu, uliochemshwa kwenye maji ya magadi hadi mafuta yatoke. Unywele hurefuka kidogo mno, kama sehemu mbili na nusu kwa mia, kutoka ukavu kamili hadi unyevu kamili. Kwa urefu huo mdogo alitengeneza kipimo kilichotumiwa na vizazi vya wanasayansi. Alikiweka ndani ya kengele ya kioo iliyoloweshwa kuta, akangoja. Akakihamishia kwenye kengele yenye chumvi zilizochomwa hadi zikauke kabisa, akangoja tena. Ncha mbili, vyombo viwili vilivyofungwa, na subira. Wenye taulo wanadhani wanamwiga, lakini wamechukua ncha moja na kuiacha kengele. 

Na namkumbuka mzee mmoja wa kituo cha hali ya hewa aliyenifundisha kazi. Kwenye kibanda cheupe cha mbao alikuwa na vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevalishwa kitambaa kinachonywa maji yaliyokenekwa. Kitambaa kikianza kubadilika rangi alikitupa. Kabla ya kusoma alisimama pembeni, asikikaribie kibanda kwa mwili wake, akashika pumzi, akasoma desimali kwanza ndipo digrii, kwa sababu desimali ndiyo inayokimbia mtu akikaribia. Kikavu 24, kibichi 20, akafungua jedwali: kama asilimia 69. Hakuwa na skrubu ya kugeuza, na sijawahi kuona kipimo kilichoaminika kuliko kile. Hao ndio watu ambao ningependa wasimame mbele ya hadhira.

Hiyo 70 mnayoilenga kwenye makasha yenu nayo mngeacha kuiabudu. Ni namba ya nchi za baridi, inaendana na digrii 21. Kwenye nyumba yenye digrii 29, 70 inakaribisha ukungu, na joto lenyewe linamwamsha Lasioderma serricorne, kidudu cha tumbaku kinachotoboa biri kama sindano. Wengi wetu hapa tungelala vizuri zaidi kwa 65. Lakini ili uishi 65 lazima kipimo chako kiwe kimekaguliwa, maana kosa la sita kutoka hapo linakupeleka 59, na kwa 59 biri huanza kukauka.

Jumapili asubuhi kijana mwenye haigromita ile aliniletea mwenyewe, akiwa ameifunga kwenye leso. Niliiweka kwenye chombo cha kioo pamoja na kizibo cha chumvi, nikakipeleka stoo, mbali na dirisha na jokofu, nikafunga mlango. Sikukigusa hadi Jumatatu saa moja asubuhi. Stoo ilikuwa na digrii 27. Nilisoma kupitia kioo bila kuinua mfuniko: 81. Nikasoma tena saa nne: 81. Nikakata kipande cha karatasi, nikaandika tarehe na "inazidisha 6", nikakibandika nyuma, juu ya skrubu, ili bisibisi isipate pa kuingia. Kijana aliponiomba niirudishe ilivyokuwa, nilimwambia aje nayo tena baada ya miezi sita tuone kama bado inazidisha sita.