Maji na Neno katika "Palombella rossa"
Nanni Moretti wa Italia alishindana katika polo ya majini kabla ya kuwa mwelekezi wa filamu. Na "Palombella rossa" (1989) yatendeka zaidi bwawani. Mhusika mkuu, Michele, mwanasiasa wa Kikomunisti, amepoteza kumbukumbu kwa ajali ya gari. Maudhui ni ya kisiasa, lakini kiini chake ni lugha: Michele ampiga kofi mwandishi wa habari kwa maneno yake yaliyochakaa na ya kuazima. Aliyesahau itikadi yake hana pa kuanzia ila neno. Ndiyo maana filamu iliishi baada ya chama kuvunjwa mwaka 1991. Hata hivyo, kofi hilo lina kasoro: adaiye neno lipimwe ameliacha neno, akatumia mkono.