Kikombe cha Samunge na Kipimo cha Sukari

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2011, Arusha iligeuka kituo kikuu cha safari ya wagonjwa. Kutoka chini ya Mlima Meru magari yalielekea Mto wa Mbu, kisha nyika za Loliondo, hadi kijiji cha Samunge. Huko Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akitoa kikombe cha maji ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyosemwa kuponywa. Mzee huyo alifariki dunia mwaka 2021, lakini simulizi ya kikombe chake ingali yahitaji mhakiki.

Aghalabu simulizi hiyo imejadiliwa kama suala la imani. Nionavyo, kasoro yake kubwa imo katika sharti moja: kwamba dawa haiponyi isipotolewa kwa mkono wa mzee mwenyewe. Dawa yenye sharti hilo haipimiki, maana mpimaji akikosa matokeo ataambiwa kuwa mkono haukuwa ule.

Tena mugariga si mti mgeni. Wasemao Kimaa huuita olamuriaki, na mizizi yake huchemshwa katika supu ya nyama. Wataalamu wa mimea huuita Carissa edulis. Kuieleza dawa hiyo kuwa ufunuo wa ndoto ya mtu mmoja ni kuwapokonya wenyeji ujuzi wao, na ujuzi uliokwisha kuitwa muujiza hakuna anayethubutu kuusahihisha.

Je, mti huo hushusha sukari? Mwaka 1996 watafiti wa Misri walichapisha kwamba maji ya dawa yaliyokamuliwa katika majani yake yalipunguza sukari katika damu ya panya waliotiwa kisukari. Habari hiyo yatia moyo, ila msomaji aangalie: ni majani, si mizizi, ni panya, si binadamu. Wala ushahidi wa foleni hautoshi. Mtu aliyekaa garini siku tatu akila kidogo, sukari yake yaweza kushuka hata asipokunywa kitu. Hapana budi wagonjwa wagawanywe makundi mawili; kundi moja linywe maji ya mizizi, jingine maji ya rangi na ladha ile ile, wote wale chakula cha namna moja, na damu ipimwe asubuhi kabla ya kula, kwa majuma kadhaa.

Njia hii haidharau mitishamba. Waganga wa Ulaya walijua zamani mmea uitwao galega. Uchunguzi wa kiini chake ulielekeza kwenye metformini, ambayo daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Leo muuguzi yeyote huitoa, na hufanya kazi kwa mkono wowote. Nchini mwetu, kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991.

Wako wagonjwa ambao miili yao haitengenezi insulini kabisa. Mmoja wao akirudi toka Samunge akiamini amepona, akaacha sindano, siku chache tu zatosha kumuua, hata kama mizizi aliyokunywa haina sumu yoyote.