Mpira Uliotulia

Kandanda ni mchezo wa mpira unaokimbia, na sifa nyingi tunazowamwagia wachezaji ni sifa za mbio: huyu ana kasi, yule ana pumzi, mwingine ana kifua cha kuwasukuma mabeki. Lakini mwamuzi akipuliza filimbi na mpira ukawekwa chini, hatua chache nje ya eneo la hatari, mbio hazina kazi tena. Ukuta unapangwa mita 9.15 mbele ya mpira, kipa anapaza sauti akisogeza watu wake kushoto na kulia, na mtu mmoja anabaki na shughuli ambayo hakuna mwenzake awezaye kumsaidia. Hapo kandanda inakuwa ufundi, kwa maana ileile tunayomwitia mtu fundi seremala au fundi cherehani: kazi ya kiungo kimoja cha mwili juu ya kitu kilichotulia, yenye kipimo kinachojulikana na kosa ambalo halifichiki. Katika kazi hiyo Mjapani Shunsuke Nakamura alikuwa fundi kamili, na miaka yake ya Ulaya, tangu 2002 hadi mwanzoni mwa 2010, inanipa sababu ya kushikilia hoja moja: mpira wa adhabu hufunzwa, hutunzwa na huongezewa makali mwaka hadi mwaka, na anayeuita bahati au karama tupu anamdhulumu aliyeutolea jasho.

Tuanze na vipimo, maana fundi huhukumiwa kwa vipimo. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Usiku wa tarehe 21 Novemba 2006, katika uwanja wa Celtic Park mjini Glasgow, Celtic, timu yake wakati huo, na Manchester United walikuwa bila bao hadi dakika ya 81, Nakamura alipoweka mpira chini umbali wa takriban mita 27 kutoka langoni. Kwa umbali huo, mguu ukikosea nyuzi moja tu ya mwelekeo, mpira unafika golini ukiwa umehama karibu nusu mita, na nusu mita ndiyo tofauti ya nyavu na mikono ya Edwin van der Sar, kipa mwenye urefu unaokaribia mita mbili. Halafu kuna ukuta. Watu warefu wakiruka pamoja, vichwa vyao vinakaribia kimo cha mwamba wenyewe, kwa hiyo mpira hauna budi kupanda juu yao na kisha kushuka chini ya mwamba katika mita 18 hivi zilizobaki. Ukipigwa kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, safari yote ni sekunde moja na ushei. Ndani ya sekunde hiyo mpira wa Nakamura ulipanda, ukapinda, ukashuka, ukaingia kwenye pembe ya juu. Van der Sar aliruka na hakuugusa. Dakika chache baadaye kipa wa Celtic, Artur Boruc, akaokoa penalti ya Louis Saha wa Manchester United, mechi ikaisha 1-0, na Celtic wakaingia hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu mashindano yachukue sura hiyo.

Mtu atasema bao moja ni ajali njema. Ingekuwa hivyo kama lisingekuwa la pili. Septemba ya mwaka huohuo, huko Old Trafford, Nakamura alikuwa amemfunga kipa huyohuyo kwa mpira wa adhabu katika mechi ambayo Celtic walifungwa 3-2. Kwa hiyo Novemba Manchester United walijua vizuri aliyesimama mbele ya mpira ni nani, walijua mguu atakaotumia, walijua anachokitaka. Ujuzi huo wote haukuwafaa kitu. Katika ufundi wowote sijui kipimo kilicho kizito kuliko hiki: mpinzani anajua utakachofanya, ana nafasi ya kujipanga, na bado unakifanya.

Namna yake ya kupiga inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi hutazama mpira na kumsahau mpigaji. Hatua za kujia mpira zilikuwa chache na hazikuwa za haraka. Mguu wa kulia, ule usiopiga, ulitua ubavuni mwa mpira huku kifundo kikilala kwa nje, mpaka kwenye picha unaweza kudhani anateguka. Ulalo huo ulikuwa na kazi yake. Mwili wote uliinama upande wa kulia, nyonga ya kushoto ikapata nafasi ya kujizungusha, mkono wa kulia ukatanuka kushika mizani, na mguu wa kushoto ukapita ukiukwangua mpira kwa upande wa ndani wa unyayo, kuanzia chini kidogo ya kiuno chake na kupanda. Mpira uliopigwa hivyo huondoka ukijizungusha. Upande mmoja wake huenda pamoja na hewa inayoupita na upande wa pili hupingana nayo, kanieneo ya pande hizo mbili haiwi sawa, na mpira husukumwa kuelekea kwenye kanieneo ndogo. Mwanafizikia Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alilieleza jambo hilo mwaka 1852, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Nakamura hakuhitaji kuandika hesabu hiyo, ila alihitaji kuijua kwa kifundo cha mguu, nayo ni elimu isiyopatikana ila kwa kurudia. Nguvu ikizidi, mpira hauna muda wa kushuka. Mzunguko ukizidi, unakosa mwendo na kipa anaufikia. Kati ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba, na kuipita mara kwa mara mbele ya watu elfu sitini kunataka mwili uliokwisha kuacha kubahatisha.

Pingamizi la kwanza, na ndilo linalosemwa zaidi, ni kwamba mguu wa kushoto wa namna ile mtu huzaliwa nao. Tazama basi alikotoka. Alizaliwa Yokohama mwaka 1978, akalelewa katika timu ya vijana wadogo ya klabu ya jiji lake, na ulipofika wakati wa kupandishwa daraja akaachwa. Alikuwa mdogo wa mwili, na walimu walitaka vijana walioiva kifua. Mguu wa kushoto alikuwa nao tayari. Kama karama pekee ingetosha, wangeiona. Akaenda kusoma na kucheza katika shule ya sekondari ya Toko Gakuen, na huko akaanza desturi aliyoidumisha miaka mingi: kuwa na daftari la mpira. Humo aliandika malengo yake ya karibu na ya mbali, akaandika alichokosea na anachotakiwa kukirekebisha. Madaftari hayo baadaye yalitolewa kama kitabu Japani. Mwaka 1997 klabu ileile iliyomwacha ilimsajili akiwa mchezaji kamili, na mwaka 2000 akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi ya nchi yake. Kijana mwenye karama tupu hana haja ya daftari. Daftari ni la fundi, anayejua kwamba kazi ya jana haikunyooka na anataka kujua ilipindia wapi.

Hata baada ya hapo hakuonewa huruma. Mwaka 2002 Japani na Korea Kusini ziliandaa Kombe la Dunia kwa pamoja, na kocha Mfaransa Philippe Troussier akamwacha Nakamura nje ya kikosi. Kuachwa na timu ya taifa Kombe linapochezwa nyumbani kwenu ni pigo linaloweza kumzima mchezaji wa miaka 23. Yeye akafunga safari kwenda Reggina, timu ya Reggio Calabria, kusini kabisa mwa Italia bara, iliyokuwa ikipigania roho yake katika Serie A. Alikaa huko misimu mitatu katikati ya mabeki wasiosamehe, na mwaka 2003, katika Kombe la Mabara, aliifunga Ufaransa nyumbani kwao kwa mpira wa adhabu. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo la Nakamura lilivunjika mara mbili kabla hajatimiza miaka 25.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nami silipuuzi. Wapo wanaosema Nakamura aling'ara Celtic, alikokwenda baada ya Reggina, kwa sababu ligi ya Uskochi haikuwa na makali, na wanatoa ushahidi wa Hispania: alipohamia Espanyol ya Barcelona mwaka 2009 hakupata namba ya kudumu, hakufunga bao hata moja la ligi, na kabla msimu haujaisha akarudi Yokohama. Wanaongeza kwamba hakuwa na kasi, na kwamba katika mpira wa kukabana mtu kwa mtu alizidiwa. Haya ni kweli, na kuyakana ni kumsifu kwa uongo. Lakini yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba Nakamura hakuwa mchezaji wa kila kitu. Fundi wa nakshi za milango halaumiwi kwa kutojua kuezeka paa. Na kuhusu makali ya ligi, Manchester United hawakuwa wa Uskochi: msimu ule wa 2006/07 ndio walioibuka mabingwa wa Uingereza. Umbali wa mpira hadi golini hauwi mfupi kwa sababu ligi ni ndogo, wala goli la Glasgow si pana kuliko la Barcelona. Katika kandanda yote, mpira uliotulia ndicho kipengele ambacho udhaifu wa ligi hukibadilisha kidogo zaidi.

Na huko Uskochi kwenyewe kulikuwa na siku zilizotaka moyo. Tarehe 22 Aprili 2007 Celtic walikwenda kwa Kilmarnock wakihitaji ushindi ili kutwaa ubingwa siku hiyohiyo. Dakika tisini zikaisha 1-1. Katika dakika za nyongeza ukapatikana mpira wa adhabu, Nakamura akaupiga, ukaingia, na ubingwa ukawa wao. Mguu uliochoka kwa dakika tisini haufanani na mguu wa mazoezini, na presha ya ubingwa haina mazoezi yake. Kinachobaki wakati huo ni mazoea: mguu wa kulia utue palepale, kifundo kilale vilevile, nyonga izunguke kama ilivyozunguka jana na juzi uwanja ulipokuwa mtupu. Mwisho wa msimu ule wachezaji wenzake wa Uskochi walimchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka, na waandishi wa michezo nao wakamchagua. Wanaocheza dhidi yako kila wiki ni waamuzi wagumu kuwadanganya.

Limebaki pingamizi la siku hizi, la watu wa takwimu. Wanasema mipira ya adhabu inayopigwa moja kwa moja golini huzaa matunda kwa nadra, chini ya mmoja katika kumi, na kwamba ni heri mpira utengwe kwa pasi fupi au urushwe kwa wenye vichwa. Hesabu yao sibishani nayo. Nakamura alifunga mabao 24 ya namna hiyo katika daraja la kwanza la Japani, na hiyo ndiyo rekodi ya ligi. Ukiyagawa kwa misimu aliyocheza, ni bao moja au mawili kwa mwaka. Lakini uchache huo ndio unaoeleza thamani ya kazi. Wengi wanaojaribu hukosa, na wastani wao ndio unaoitwa takwimu; fundi ni yule anayeupita wastani. Tena makipa na makocha wenyewe wanakiri hofu yao kwa vitendo: siku hizi timu humlaza mchezaji mmoja nyuma ya ukuta ili mpira usipite chini ya miguu ya wanaoruka. Hakuna anayemlaza mtu kwenye nyasi kwa kuogopa jambo lisilo na maana.

Ufundi pia hupokezana. Katika Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini, Nakamura alikuwa amepoteza nafasi yake katika kikosi cha kwanza. Tarehe 24 Juni, mjini Rustenburg, Japani waliwafunga Denmark 3-1, na mabao mawili ya kwanza yalikuwa ya mipira ya adhabu: Keisuke Honda alifunga kwa shuti kali kutoka mbali, Yasuhito Endo akafunga kwa kuuzungusha kando ya ukuta. Nakamura alikuwa benchi. Siku hiyo alikuwa akitimiza miaka 32. Wengine wangeona ni ukatili wa mchezo, ila mimi naona ushahidi mwingine wa hoja yangu: nchi ambayo vijana wake walikua wakitazama ufundi huo ukiheshimiwa ilikuwa na mafundi wawili wa mitindo tofauti katika mechi moja. Naye hakuwa amemaliza. Mwaka 2013, akiwa na miaka 35, alichaguliwa tena kuwa mchezaji bora wa ligi ya Japani, na aliendelea kucheza hadi 2022, akiwa na miaka 44. Mwenye kutegemea kasi hafiki huko.

Kwa hiyo mpenzi wa kandanda, safari ijayo mpira ukiwekwa chini nje ya eneo la hatari na mpigaji akarudi nyuma hatua tatu, usiukimbilie mpira kwa macho. Tazama mguu wake wa pili, ule usiopiga, uone unatua wapi na unalala vipi.