Neno 'Moist' na Rutuba Yake: Juu ya Maana Iliyohama

Mfasiri wa Kiswahili akikutana na neno la Kiingereza 'moist' kwa kawaida haoni taabu yoyote. Huandika "-enye unyevu", au "chepechepe" akipenda, kisha akaendelea na safari yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo una gharama, na kwamba neno lililostahili kushika nafasi hiyo, angalau katika maandishi ya zamani, tunalo wenyewe, ila tumelipeleka shambani tukalisahau huko.

Kilichonisukuma kuandika ni zoezi la darasani. Niliwapa wanafunzi wa tafsiri onyesho la nne la sehemu ya tatu ya Othello, mahali ambapo Othello anaushika mkono wa mkewe Desdemona na kusema kwamba ni 'moist'. Karibu wote waliandika kuwa mkono ule ulikuwa na unyevu. Nilipouliza kwa nini mume ashtuke kwa jambo dogo kama hilo, mmoja alijibu kwamba huenda bibi alikuwa na homa. Mwingine akasema kwamba kisiwa cha Saiprasi kina joto. Hayakuwa majibu ya kijinga. Yalitokana sawasawa na tafsiri waliyoiandika, na tafsiri hiyo ndiyo iliyoua mchezo.

Tulitazame basi neno lenyewe. Si la asili ya Kiingereza, kama lilivyo 'wet'. Liliingia kutoka Kifaransa cha kale baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na linaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 14. Kuhusu chimbuko lake katika Kilatini wataalamu hawajakata shauri. Rai inayokubaliwa na wengi hulihusisha na neno lililomaanisha kitu chenye ukungu au utelezi, lenye udugu na jina la kamasi. Lakini huongezwa kwamba neno hilo lilivutwa na jingine lililotumiwa kwa maji ya zabibu mpya, yaliyokamuliwa karibuni. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo neno hili lilikuwa na wazazi wawili wasiopatana: mmoja wa uvundo, mmoja wa upya. (Msomaji asicheke upesi. Sisi nasi tunaita ukungu ule unaotanda asubuhi na ule unaoota juu ya mkate uliolala.)

Katika Kiingereza cha kwanza, aliyetawala ni yule mzazi wa upya. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, anavisifu viatu vya yule mwanamke wa Bath kwa neno hili, akimaanisha kwamba ni vipya na ngozi yake bado ni laini, haijakauka wala kupasuka. Mwenye nyumba ya wageni, katika kisa hicho hicho cha safari ya Canterbury, anataka pombe 'moist', yaani pombe mpya. Mfasiri atakayempa mwanamke huyo viatu vyenye unyevu atakuwa amempitisha mtoni bila idhini ya mtunzi.

Hapa Kiswahili kinatukaribia kwa njia ya kustaajabisha. Nguo iliyofuliwa ikiwa haijakauka, twasema ni mbichi. Kuni zilizokatwa leo ni mbichi. Na embe ambalo halijaiva ni bichi. Umajimaji na upya vimefungwa kwa kivumishi kimoja. Hata hivyo mtego upo: ngozi mbichi kwetu ni ile isiyotiwa dawa, na viatu vibichi havivaliki. Kiarabu nacho kina mzizi wa ratb, wenye maana ya kitu chororo na kibichi. Kutokana nao hupatikana jina la tende zilizoiva ambazo hazijakaushwa, na kutokana nao hupatikana rutuba.

Neno hilo la mwisho ndilo kiini cha hoja yangu. Katika utabibu wa Kiyunani, ambao Galen aliupanga katika karne ya 2, kila mwili una hali nne zinazopimana: joto, baridi, ukavu na umajimaji. Damu ni ya joto na umajimaji, nayo ni damu ya ujana, ya ukarimu na ya ashiki. Vitabu vya Galen vilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9, hasa na Hunayn ibn Ishaq na wenzake. Na ile hali ya nne ikaitwa rutuba. Ibn Sina akaueneza utabibu huo katika Qanun, kitabu ambacho kilifasiriwa kwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12 na kusomwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Kwa njia hiyo Waingereza nao wakaipata hali ya nne, na katika lugha yao wakaiita 'moist'.

Utabibu huo huo ulifika pia kwenye mwambao wetu. Marc Swartz, mtaalamu wa mila aliyeishi na Waswahili wa Mombasa na kuchapisha kitabu chake mwaka 1991, alikuta bado watu wanaeleza afya kwa mizani ya hari, baridi, yabisi na rutuba. Basi 'moist' ya Shakespeare na rutuba ya Mombasa si maneno yaliyofanana kwa bahati. Ni watoto wa mafundisho mamoja, waliolelewa pande mbili za dunia.

Turudi kwenye mkono wa Desdemona. Othello hazungumzi habari ya jasho. Anasoma mkono kama tabibu asomavyo mwili: anausema kuwa ni wa joto, tena ni 'moist', na palepale anautajia uzazi na moyo wa ukarimu, kisha anaushauri ufunge na kusali. Kila sifa ina nyuso mbili, na wivu wake umejificha katika uso wa pili: mkono mkarimu ni mkono unaotoa, na huenda umekwisha kumtolea mwingine. Andika "mkono wa hari na rutuba", na mzee wa Mji wa Kale ataelewa bila tanbihi. Lakini hata kijana wa Nakuru, ambaye rutuba kwake ni ya udongo tu, atalisikia lile wazo la uzazi ambalo Shakespeare mwenyewe ameliweka pale. Nimewahi kupingwa kwamba kumsifu bibi kwa rutuba ni kumfanya shamba. Naam, na Othello katika dakika ile anamtazama mkewe kama mtu anayehofia mipaka ya shamba lake. Sioni kwamba tafsiri itakuwa imemwonea.

Vivyo hivyo katika Hamlet, mwezi unaitwa nyota 'moist' kwa kuwa ndio uamrishao bahari. Mvuvi wa Lamu anayehesabu bamvua na maji mafu kwa umri wa mwezi hahitaji kufundishwa. Msomaji wa "nyota yenye unyevu" atahitaji.

Tangu hapo maneno haya mawili yamekwenda njia mbalimbali. Utabibu wa hali nne ulipoanguka Ulaya, 'moist' lilipoteza elimu yake likabaki na keki, udongo na ngozi. Leo baadhi ya wasemaji wa Kiingereza, hasa Marekani, hawalistahimili hata kulisikia. Paul Thibodeau alichapisha uchunguzi juu ya jambo hili mwaka 2016, akakuta chuki hiyo kwa watu kati ya asilimia 10 na 20 ya aliowauliza. Wengi wao walidhani wanachukia sauti yake. Lakini hawakuonyesha chuki kwa maneno mengine yenye sauti ya namna hiyo. Waliolichukia walikuwa wale wanaokereka na mambo ya mwili na majimaji yake. Ingependeza kusema kwamba yule mzazi wa kamasi amefufuka baada ya kulala muda mrefu, lakini isimu hairuhusu ushairi wa aina hiyo: msemaji hakumbuki Kilatini asichokijua. Kilichotokea ni kwamba neno lililokuwa likieleza mwili mzima kwa heshima sasa linataja tu yale ya mwili yanayofichwa.

Rutuba, kwa upande wake, ilipanda cheo. Kutoka umajimaji wa mwili na wa ardhi ikawa nguvu ya ardhi kuotesha, na siku hizi maji yamekauka kabisa ndani yake: mkulima hununua mbolea kavu kama majivu ili aongeze rutuba. Katika Kiarabu neno halikuhama. Mswahili aishiye Maskati husikia redio ikitangaza rutuba ya hewa kwa asilimia. Mgeni kutoka Kitale akisikia hivyo atashangaa ni mazao gani yanayostawi kwenye majabali yale.

Lawama yangu kwa watunga kamusi ni hii. Wanapolipa neno la Kiingereza kisawe kimoja cha leo, wanamwachia mfasiri chombo kinachofaa kwa ripoti ya hali ya hewa, wala si kwa maandishi ya miaka 400 iliyopita. Unyevu ni neno zuri na lina kazi yake. Lakini kidahizo cha 'moist' kingepaswa kuwa na mbichi, pya, ororo na rutuba, kila moja na mfano na zama zake. Na kidahizo cha rutuba chenyewe kingepaswa kutaja mwili kabla ya kutaja udongo. Wanaoijua maana hiyo ya kwanza ni wazee, nao hawasubiri toleo lijalo. Wanafunzi wangu wawili wenye bibi zao Mombasa wamekubali kwenda kuwauliza wakati wa likizo, na kuandika kila neno kama litakavyotamkwa.